Mlango wa Waliomlea

Katika mechi 64 za Kombe la Dunia la 2018 kule Urusi, moja tu ilimalizika bila bao. Ni ile ya Juni 26, Ufaransa na Denmark, uwanja wa Luzhniki, Moscow. Sare iliwafaa wote, kwa hiyo mpira ukawa wa kupasiana nyuma, kurudishiana na kusubiri muda uishe, na watazamaji waliotoka mbali kwa gharama kubwa wakazomea. Wengi wameshaisahau mechi hiyo. Mimi ndiyo ninayoirudia kichwani kuliko hata fainali, kwa sababu ya mtu mmoja aliyesimama kati ya milingoti ya Ufaransa. Alikuwa na umri wa miaka 33, na ndiyo kwanza anacheza Kombe la Dunia. Hakuna Mfaransa aliyewahi kuingia katika mashindano hayo kwa mara ya kwanza akiwa na umri mkubwa kiasi hicho. Kipindi cha pili Christian Eriksen alipiga frikiki, mpira ukafika mikononi mwa kipa huyo, ukamponyoka. Kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho ulikuwa mbele yake hauna mwenyewe. Akaurukia tena, akaulalia. Dakika tisini zikaisha, sufuri kwa sufuri. Waliokuja kutazama mabao waliondoka na njaa. Steve Mandanda aliondoka ameshiba.

Mandanda alizaliwa Kinshasa, Machi 28, 1985, Kongo ikiitwa bado Zaire. Alikuwa na umri wa miaka miwili hivi familia yake ilipohamia Ufaransa, na akakulia Évreux, mji wa Normandy usiojulikana sana nje ya nchi hiyo, ingawa kwa mpira una baraka zake: Ousmane Dembélé naye alikulia hapo, na Dayot Upamecano alizaliwa hapo. Mtoto wa miaka miwili hajui kwamba anahama. Amepakatwa, amelala, na akija kupata akili anajikuta katika mvua na baridi ya Normandy kana kwamba ndiko dunia ilikoanzia. Nchi aliyozaliwa huja kumfikia baadaye kwa midomo ya watu wazima: majina ya mashangazi asiowajua, lugha inayosikika nyumbani watu wakigombana au wakicheka sana, chakula ambacho rafiki wa shule akija anauliza ni nini. Watoto wa wahamiaji wengi huipata hivyo nchi ya wazazi wao, kwa kusimuliwa. Nchi iliyowalea wanaipata kwa magoti, kwa kuanguka na kuchubuka kwenye viwanja vyake.

Wahenga wetu walisema kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Tunaitoa methali hiyo tukimsifu bibi aliyelea wajukuu, au mama wa kambo aliyemfanya wa mwenzake kuwa wake. Sijasikia mara nyingi ikitajwa kuhusu nchi. Lakini nchi nayo hulea. Kuna mtu Évreux aliyemwambia mtoto huyo asimame golini, mwingine aliyefua jezi, mwingine aliyeendesha gari alfajiri ya Jumapili kupeleka watoto kumi na watano kwenye kijiji cha jirani kucheza na wenzao. Baadaye kuna akademia ya Le Havre, klabu inayohesabiwa kuwa kongwe kuliko zote Ufaransa, ambako kijana hufundishwa jinsi ya kuanguka bila kuvunjika na jinsi ya kutoka kwenye mstari bila kusita. Hao wote hawakumzaa. Na bado kila krosi aliyoidaka akiwa mtu mzima ina jasho lao ndani yake.

Nafasi ya kipa ina ugeni wa aina yake hata kwa mwenyeji. Wenzake kumi wamevaa rangi moja. Yeye ana rangi yake. Zamani alivaa kama wengine, mpaka mwaka 1909 sheria ilipotaka ajitofautishe ili mwamuzi ajue nani anaruhusiwa kushika mpira kwa mikono. Tangu hapo golikipa ni mwanatimu asiyefanana na timu. Anaishi chini ya kanuni yake, anafanya mazoezi pembeni na kocha wake, na bao likifungwa upande wa pili, wenzake wakirundikana kwenye kibendera cha kona, yeye hushangilia peke yake, umbali wa karibu mita mia. Mitaani kwetu anayesimamishwa golini aghalabu ni mdogo kuliko wote, au mzito, au yule ambaye wazazi wake wamehamia juzi na bado hana wa kumtetea. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, na jembe la kwanza la mtoto mgeni ni lango lenye nguzo za mawe mawili.

Ila kadiri mpira unavyopanda, kutoka vumbini hadi majani ya uwanja wa taifa, nafasi hiyohiyo hugeuka. Alipokuwa akisimamishwa asiye na wa kumtetea, sasa anatafutwa anayeaminiwa kuliko wote. Mshambuliaji akikosa mara nne na kufunga mara moja, anabebwa. Kipa akiokoa mara nne na kukosea mara moja, anakumbukwa kwa ile moja. Brazil wanalijua jambo hili kwa uchungu. Moacir Barbosa alikuwa langoni Julai 16, 1950, Uruguay walipowafunga 2-1 katika Maracanã, na tangu siku hiyo mpaka kifo chake mwaka 2000 aliishi na lawama ya bao moja la Ghiggia wa Uruguay. Alikuwa mtu mweusi, na lawama ile haikuishia kwake. Ikageuka kuwa mnong'ono kwamba watu wa rangi yake hawafai kukabidhiwa lango. Miaka 56 ilipita ndipo Brazil walipoanza Kombe la Dunia na kipa mweusi mwingine kama namba moja, Dida, mwaka 2006. Mtu mmoja alipangua mpira vibaya, au pengine hakupangua vibaya hata kidogo, na vizazi viwili vya watoto wenye mikono mizuri wakaambiwa wakacheze nafasi nyingine.

Kwa hiyo ninapomtazama mtoto wa Kinshasa akilinda lango la Ufaransa, sioni jambo dogo. Nchi inaweza kumpokea mhamiaji awe mpiga mbio wake, mwimbaji wake, mfungaji wake wa mabao. Huko anaongeza kitu, na asipoongeza hakuna kilichopungua. Mlango ni habari nyingine. Anayekabidhiwa mlango amepewa uwezo wa kuwaliza watu wote kwa kosa la kidole.

Kabla ya taifa, Marseille ndiko alikokabidhiwa mlango. Ule ni mji wa bandari, mji wa watu waliotoka ng'ambo, wenye Wakomoro kwa makumi ya maelfu, ndugu zetu wa lugha na wa bahari. Mtu angedhani katika mji kama huo kipa Mwafrika angepumzika. Haikuwa hivyo sikuzote. Joseph-Antoine Bell, Mkameruni, aliidakia Marseille katika miaka ya 1980. Aliporudi kwenye uwanja uleule wa Vélodrome akiwa na jezi ya Bordeaux, wapo waliomrushia ndizi. Huyo alikuwa amewalindia mlango wao. Wakala wa Bell alikuwa Pape Diouf, Msenegali aliyezaliwa Chad, aliyefika Marseille akiwa kijana wa miaka 18, akawa mwandishi wa michezo, kisha wakala, na kuanzia 2005 hadi 2009 rais wa klabu hiyohiyo. Katika enzi ya Diouf, mwaka 2007, Mandanda aliletwa kwa mkopo kutoka Le Havre. Ninapenda kuwaweka watatu hawa pamoja: aliyerushiwa ndizi, aliyekalia kiti cha rais, na kijana aliyekuja kubaki langoni kwa miaka mingi. Si hadithi ya maendeleo iliyonyooka, maana ndizi zinarushwa viwanjani Ulaya mpaka leo. Lakini mtu aliyeona fedheha ya mwenzake alipata siku moja madaraka ya kumfungulia mwingine mlango, na akamfungulia.

Hakuletwa kuwa namba moja. Namba moja alikuwa Cédric Carrasso, na Agosti ya mwaka ule Carrasso akakatika kano ya kisigino. Hapa ndipo penye siri nzito ya kazi ya kipa, ambayo makocha hawaisemi kwa sauti. Winga akiwa hodari anaweza kuhamishiwa upande wa pili, na kiungo anaweza kuongezwa katikati. Lango halina nafasi ya watu wawili. Mlango wa mmoja hufunguka kwa msiba wa mwenzake, na kila kipa wa akiba hukaa benchini akijua kwamba siku yake ya furaha itaanza na mtu mwingine kulala chini ameshika mguu. Aombe nini? Akimwombea mwenzake uzima, anajiombea kukaa. Sijui kazi nyingine ya michezo inayomtia mtu mtihani wa roho kila wikendi namna hiyo.

Mandanda aliingia na hakutoka. Mwaka 2010 akiwa langoni, Marseille walitwaa ubingwa wa Ufaransa waliokuwa wakiusubiri tangu 1992. Akawa nahodha. Wachezaji wenzake wa ligi walimchagua kipa bora mara tano. Mwaka 2016 alikwenda Crystal Palace ya Uingereza, goti likamsumbua, msimu ukaharibika, naye akarudi palepale kama mtu aliyetoka kwenda dukani. Alipoondoka kwa mara ya mwisho mwaka 2022 alikuwa amecheza mechi 613 na jezi ya Marseille, na hakuna mtu mwingine katika historia ya klabu hiyo aliyefika hapo. Kwa idadi hiyo, hakuna aliyezaliwa Marseille aliye mwenyeji wa Vélodrome kumzidi.

Upande wa taifa ulikuwa na ladha nyingine. Aliitwa mara ya kwanza uwanjani Mei 2008 dhidi ya Ecuador, na kwa muda alionekana kuwa ndiye. Kisha akaja Hugo Lloris. Hesabu zao zinasema yote: Lloris mechi 145, rekodi ya Ufaransa, Mandanda mechi 35 katika miaka 14. Yaani safari, kambi, hoteli, picha rasmi, wimbo wa taifa ukipigwa yeye amevaa koti la joto, na baada ya hapo kukaa. Mwaka 2014 hata kukaa kulimkwepa: aliumia shingo katika mechi ya mwisho ya msimu na Kombe la Dunia la Brazil likaenda bila yeye.

Lakini kukaa kwa kipa wa pili si kupumzika. Mtazame kabla ya mechi, watu wakiwa bado wanatafuta viti vyao. Yeye ndiye anayempigia mashuti namba moja: ya chini kulia, ya chini kushoto, krosi za juu, mipira ya kudunda inayofika gotini. Anapiga kwa kipimo. Akipiga kwa nguvu mno atamtegua mwenzake vidole. Akipiga kwa ulegevu, mwenzake ataingia uwanjani mikono ikiwa bado imelala. Anamwandaa mtu mwingine kwa kazi anayoitamani yeye, na anamwandaa vizuri, kwa uaminifu ambao hakuna kamera inayoutafuta. Kisha anavua glovu na kwenda benchini. Kombe la 2018 lilinyanyuliwa na Lloris kama nahodha. Mikono iliyomwamsha Lloris kabla ya mechi ni ya nani?

Nimesikia watu wakisema kwamba angechagua Kongo, asingekaa. Hapo ndipo methali nyingine hutolewa, nayo ni kali: mwacha asili ni mtumwa. Wanaoitoa huitoa kwa hasira ya kweli, na siwezi kuwadharau. Tumeona vijana wengi wakichukuliwa na nchi zenye uwezo kama vile samaki wazuri wanavyopelekwa hoteli za kitalii huku wavuvi wakibaki na dagaa. Zaire wenyewe walipokwenda Kombe la Dunia la 1974, kipa wao Kazadi Mwamba alitolewa nje dakika za mwanzo dhidi ya Yugoslavia, matokeo yakiwa 3-0, wala hakuwa ameumia. Aliyeingia, Tubilandu, akafungwa mengine sita. Nchi yenye jeraha hilo, ikimwona mwanawe akidaka kwa ajili ya wengine, ina haki ya kuugua.

Ila mtazame na mdogo wake. Parfait Mandanda ni kipa pia, aliyeidakia Charleroi ya Ubelgiji kwa miaka, na yeye alivaa jezi ya Kongo. Riffi ni kipa. Over ni kipa. Ndugu wanne wa nyumba moja, wote golini, na mkubwa akilinda lango la nchi iliyowalea huku anayemfuata akilinda la nchi ya asili. Nani hapo ameacha nini? Familia hiyo haikugawanyika. Iliweka mlinzi katika kila mlango uliokuwa wake. Na tukiulizia Kongo ilikosa nini, tukumbuke iliyekuwa naye: Robert Kidiaba wa TP Mazembe ya Lubumbashi, kule Kiswahili kinakosemwa sokoni na uwanjani, aliyefika fainali ya klabu za dunia mwaka 2010 na kuisaidia Kongo kushika nafasi ya tatu Afrika mwaka 2015, akishangilia kwa kurukaruka amekaa chini. Lango halina nafasi ya watu wawili. Mandanda angerudi, pengine Kidiaba ndiye angekaa benchi, na Lubumbashi ingekosa furaha yake.

Ufaransa walipotwaa kombe mwaka 2018, palizuka kelele. Wako walioshangilia kwamba Afrika ndiyo iliyoshinda, kwa kuhesabu majina ya baba za wachezaji. Wako Wafaransa waliofoka kwamba hao ni Wafaransa basi, na kuuliza asili ni matusi. Katika kikosi kile cha watu 23, waliozaliwa kwenye ardhi ya Afrika walikuwa wawili tu, Samuel Umtiti wa Yaoundé na Mandanda wa Kinshasa. Nilizisoma kelele zile na kuona kwamba pande zote mbili zilikuwa zinamkata mtu vipande. Wa kwanza walimnyang'anya Évreux, na wa pili wakamnyang'anya Kinshasa. Mimi sioni kwa nini mtu mzima mwenye mikono miwili asishike vyote.

Siku iliyolionyesha jambo hili wazi ilikuja baadaye, Novemba 30, 2022, Qatar. Kipa Mike Maignan, mzaliwa wa Cayenne, alikuwa ameumia, na Mandanda akaitwa tena, miaka 37. Ufaransa walikuwa wameshafuzu, kwa hiyo dhidi ya Tunisia walipumzisha wengi, na mzee akapewa glovu. Siku hiyo akawa Mfaransa mwenye umri mkubwa kuliko wote waliowahi kucheza Kombe la Dunia. Kipindi cha pili Wahbi Khazri akapenya katikati ya mabeki, akautelezesha mpira kwenye kona ya chini, 1-0. Khazri alizaliwa Ajaccio, kisiwani Corsica, ndani ya Ufaransa. Basi ikawa hivi: mzaliwa wa Ufaransa akiifungia Afrika, mzaliwa wa Afrika akiilindia Ufaransa, na mpira ukipita kati yao bila kuuliza pasipoti. Tunisia waliaga mashindano jioni ileile, na Ufaransa wakaenda mpaka fainali, Lloris akiwa langoni. Sikuona mtu wa kumhurumia katika picha ile. Mcheza kwao hutuzwa, walisema wazee, na pale walikuwepo wawili, kila mmoja akicheza kwao, na hakuna aliyekuwa anacheza alikozaliwa.

Mandanda alimalizia Rennes. Januari 2025 klabu hiyo ikamleta kipa Brice Samba, na nafasi ikahama. Samba alizaliwa Linzolo, Kongo-Brazzaville, akafunzwa mpira katika akademia ileile ya Le Havre, na kuanzia 2013 alikuwa Marseille akikaa nyuma ya Mandanda, akisubiri siku ambayo haikufika mpaka akaondoka. Kinshasa na Brazzaville zinatazamana kwa mto mmoja tu kati yao, karibu kuliko miji mikuu mingine yoyote ya Afrika, na wana wa ng'ambo hizi mbili walikutana tena huko Brittany, mmoja na miaka 30, mwingine akikaribia 40. Safari hii Samba ndiye aliyekuwa namba moja. Mkubwa hakugoma wala hakuondoka katikati ya msimu. Alibaki mpaka mkataba ulipoisha, na Septemba 2025 akatangaza kwamba amemaliza. Miezi ile ya mwisho, kabla ya mechi, wa kudaka alikuwa Samba, na wa kumpasha mikono moto alikuwa Mandanda.